Mjane wa Sarepta na Beseni la Vitumbua

Jumapili ya 32 ya Mwaka B
Masomo: 1 Wafalme 17:10-16, Waebrania 9:24-28, Marko 12:38-44



Katika miji yetu ya pwani, tangu Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hata Lindi mjini na Mingoyo, asubuhi huanza kwa hodi. Kabla jua halijapanda juu ya bahari, mama au binti husimama mlangoni, beseni kichwani, kitambaa kimefunikwa juu ya beseni, naye huita kwa sauti ambayo watoto wa mtaa mzima huitambua: vitumbua, maandazi ya moto, mkate wa kumimina. Ndani ya nyumba chai imekwisha kuchemka, baba anatafuta viatu, mtoto anatafuta daftari, na hakuna aliyepata nafasi ya kuwasha moto wa pili. Hodi ile huja kama msaada.

Lakini katika hodi hiyo hiyo mna swali ambalo waamini wetu wametuuliza mara nyingi, wengine waziwazi, wengine kwa kunong'ona baada ya Misa. Je, yafaa kununua? Tunajuaje chakula hiki kimepikwa wapi, kwa maji gani, kwa mikono ya namna gani? Katekista mmoja wa kigango alituambia kwamba nyumbani kwake jambo hili limeleta ugomvi: yeye hununua, mkewe hutupa. Yafaa basi tulitazame jambo hili leo, kwa maana masomo ya Jumapili hii yametuletea wajane wawili, na mmoja wao ni mpika mkate.

Mnalijua somo la kwanza. Nchi imekauka kwa kukosa mvua, Nabii Eliya amefika kwenye lango la mji wa Sarepta, naye anamkuta mjane akiokota kuni. Anamwomba maji, kisha anamwomba kipande cha mkate. Yule mama anaapa kwamba hana kitu ila unga kiasi cha konzi moja ndani ya pipa na mafuta kidogo katika chupa. Anakwenda kujipikia yeye na mwanawe, wale, kisha wafe. Hapo nabii anasema neno zito: anitengenezee mimi kwanza mkate mdogo, halafu ajipikie yeye na mwanawe.

Tumezoea kulisoma somo hili tukiisifu imani ya mjane, na ni haki. Ila tuangalie pia nani amepiga hodi. Kwetu mwenye mkate ndiye abishaye mlangoni. Kule Sarepta mwenye njaa ndiye aliyebisha. Anayepaswa kuamini si mlaji, ni mpishi. Eliya hakuuliza unga ule ulisagwa wapi. Mjane ndiye aliyekuwa na sababu zote za kuuliza: huyu ni nani, ametoka wapi, na hiyo ahadi yake ina dhamana gani? Naye alikuwa mtu wa nchi ya Sidoni, si wa taifa la nabii wala wa ibada yake.

Neno hili latugusa sisi wa Kilwa na Lindi kwa namna ya pekee. Majirani zetu walio wengi ni Waislamu, na vitumbua vingi vinavyofika milangoni mwetu vimetoka katika nyumba ambamo sala ya alfajiri ilitangulia, ndipo chuma kikawekwa motoni. Wapo kati yetu wanaouliza kama Mkristo aweza kula bila wasiwasi. Mtume Paulo alikwisha kuwajibu Wakorintho katika sura ya 10 ya barua yake ya kwanza: kiuzwacho sokoni na wale, wasijitese kwa maswali ya dhamiri. Kwa upande wa dini, basi, shauri limekwisha. Lakini tusimbebeshe Mtume mzigo usio wake. Alikuwa akisema juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Hakusema lolote juu ya inzi.

Juu ya inzi hatuna budi kusema sisi wenyewe. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1997, kipindupindu kilipoipiga nchi yetu: wagonjwa walipita 40,000, na waliofariki walikuwa zaidi ya 2,000. Ugonjwa huo ulirudi kwa nguvu mwezi Agosti 2015, ukaanzia Dar es Salaam na kusambaa katika mikoa mingi, na mahali pengi biashara ya chakula cha barabarani ilipigwa marufuku kwa muda. Wengine walinung'unika wakisema serikali inawaonea wanyonge. Tunaelewa manung'uniko hayo, kwa kuwa marufuku ya namna hiyo humwangukia kwanza mwenye beseni, si mwenye hoteli. Hata hivyo vimelea havimtazami mtu kwa umaskini wake. Mama anayepika kwa maji ya kisima kisichofunikwa aweza kuwa mcha Mungu kuliko sisi sote, na bado akatuletea maradhi.

Kwa hiyo kumwuliza mpishi si dhambi. Tuulize kwa adabu, kama mtu amwulizavyo dada yake. Kitumbua, kwa wale wasiokijua jikoni, ni kazi ya usiku mzima. Mchele hulowekwa jioni, husagwa au kutwangwa, huchanganywa na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke. Yapata saa tisa au saa kumi usiku mama huamka, huwasha moto, huweka chuma chenye vishimo, hutia mafuta kidogo katika kila kishimo, humimina, hugeuza, hutoa. Kitu kilichotoka motoni namna hiyo, kikaliwa kingali moto, kina hatari ndogo. Hatari huja baadaye: katika beseni lisilofunikwa, katika mkono uliopokea fedha kisha ukashika chakula, katika vitumbua vya jana vilivyopashwa moto na kuchanganywa na vya leo, katika mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi hata yakawa meusi. Haya yote mtu aweza kuyaona kwa macho pale pale mlangoni. Kama chakula ni cha baridi na mama aapa kwamba kimetoka jikoni sasa hivi, basi mkono wako ushuhudie.

Nasi tunaonunua tuna sehemu yetu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, wauzaji wengi wamerudia karatasi, na karatasi iliyo karibu aghalabu ni gazeti kuukuu au daftari la mtoto lililokwisha kuandikwa. Tumepata kununua maandazi matatu yaliyofungwa katika mtihani wa hesabu wa mwanafunzi aliyepata alama nne. Tulicheka, lakini wino ule ulikuwa umeingia katika andazi. Ni vigumu kiasi gani kutoka na sahani yako mwenyewe unapoitikia hodi?

Hofu ya namna nyingine haiondoki kwa sahani wala kwa sabuni. Hapa pwani wapo wanaosema kwamba mama fulani ana "chuma ulete", kwamba chenji anayorudisha huzivuta fedha za nyumba na kumfuata yeye. Wapo wasemao kwamba fulani ametia dawa katika unga ndiyo maana watu hawamwachi. Ndugu wapendwa, tumezisikia habari hizi kutoka kwa watu wabatizwa, na kutoka kwa mmoja aliyekuwa akisoma somo altareni Jumapili ile ile. Kwa nini watu hawamwachi? Kwa sababu anatia iliki! Mwenzake anayepunja tui akaona beseni lake limerudi limejaa, huanza kutafuta mchawi.

Nchi hii ya Kilwa imejua tangu kale kwamba fedha na tumaini huenda pamoja. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo, nyembamba, na juu yake yaliandikwa kwa Kiarabu maneno yenye vina, ya kwamba mtawala huyu anamtumaini Mungu mwenye fadhila. Sarafu moja ya namna hiyo iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Tazameni mwendo huo. Shaba ile yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Ila mtu aliyeipokea sokoni aliamini kwamba wa pili naye ataipokea. Biashara yote, hata ya kitumbua kimoja, husimama juu ya imani ya namna hiyo, na anayeeneza habari za chuma ulete anakata mti ambao yeye mwenyewe ameukalia.

Tuliposema hayo tusijifanye wasafi. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia mojawapo ya pwani hii tulimohudumu, watoto wa Kipaimara walikaa kwetu juma zima kwa mafundisho. Kila asubuhi walikunywa chai kwa vitumbua vya mama mmoja jirani, mjane, Mwislamu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipita langoni petu. Siku ya tatu watoto kumi na mmoja wakaanza kuharisha. Kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikwisha kujua sababu: vitumbua. Nasi hatukuuliza zaidi. Jumapili iliyofuata, katika matangazo baada ya Komunyo, tuliwaonya waamini wasinunue chakula kinachopitishwa nyumba kwa nyumba. Hatukumtaja mtu. Hatukuwa na haja ya kumtaja.

Watoto, kwa neema ya Mungu, walipona wote. Siku chache baadaye bwana afya alifika. Aliangalia jiko letu, kisha akaomba aone tangi la maji ya mvua. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika tangu masika, na ndani yake mlielea panya. Maji hayo watoto waliyanywa bila kuchemshwa, kwa kuwa waliyaona meupe. Bwana afya alikwenda pia kwa yule mama, akarudi akatuambia kwamba maji yake huchemshwa na beseni lake hufunikwa kwa kawa, na kwamba angependa majiko mengine yafanane na lile. Hakusema majiko yapi.

Mama hakuja tena. Kwa majuma matatu tulikunywa chai kavu, tukijua tunalopaswa kufanya na tukilikwepa. Tutarudi kwake baada ya kitambo.

Maana ipo Injili ya leo, na Injili hii ina makali. Tunampenda mjane wa senti mbili, tunamsimulia wakati wa sadaka, na wengine wetu humsimulia zaidi wakati wa harambee. Lakini Marko amemweka mjane huyo mara baada ya maneno mengine: Bwana wetu anawaonya watu juu ya waandishi wapendao kusalimiwa masokoni na kukaa mbele, huku wakila nyumba za wajane. Nyumba ya mjane yaliwaje? Hapa kwetu yaliwa kwa daftari.

Ninyi mnaonunua kwa mkopo mnajua daftari tunalolisema. "Mama, andika, nitakulipa mwisho wa mwezi." Mwalimu huandikisha, karani huandikisha, mwanakwaya huandikisha, na nyumba ya mapadre nayo huandikisha. Mama anaandika kwa penseli ya mwanawe: vitumbua vinne, vitumbua sita. Mwisho wa mwezi hodi ikibishwa, mtoto hutumwa kusema baba ametoka. Baada ya mara tatu mama huona haya kurudi, naye mdaiwa hubadili njia ya kwenda sokoni. Sisi tumekuwa tukiuliza kama muuza vitumbua ni wa kuaminiwa, ilhali kila siku yeye ametuamini kwa unga, kwa nazi na kwa usingizi wake.

Naye mtaji huo ameutoa wapi? Siku hizi wengi wameutoa katika mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Riba yake ni kubwa, marejesho yake ni ya kila siku au ya kila juma, na mwanamke akishindwa huchukuliwa sufuria, godoro, hata lile chuma la vitumbua. Kitumbua chako ulichokula bila kulipa, yeye amekilipia riba. Eliya naye, ukitazama vema, alikula kwa mkopo. Alipokea mkate wa kwanza, nayo dhamana yake ilikuwa neno tu. Lakini deni lile lililipwa kila siku: pipa halikupungua, wala chupa haikuisha, mpaka siku ya mvua. Akopaye kwa mjane huku akibeba jina la Mungu, kama alivyolibeba nabii, na atazame jinsi deni la nabii lilivyolipwa.

Hatusemi kwamba wauzaji ni malaika. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika upande wa Somanga, magari yakakwama na wasafiri wakakaa njiani na watoto wao. Saa kama ile ndiyo mizani ya mfanyabiashara. Anayepandisha bei ya andazi kwa sababu tu mtoto wa mwenzake analia, huyo Nabii Amosi alikwisha kumtaja alipowakemea wapunguzao kipimo na kuongeza bei juu ya maskini. Na wapo akina mama wakristo wanaotusikiliza sasa, beseni likiwa pembeni. Kwenu tunasema: kitumbua kikipungua ukubwa kwa sababu sukari imepanda, mwambieni mnunuzi. Atanung'unika, lakini kesho atanunua tena.

Limebaki jambo moja, nalo twalisema kwa uzito. Mara nyingi anayebisha hodi si mama, ni binti yake, mwenye miaka kumi, kumi na miwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeruhusu kazi nyepesi kwa mtoto kuanzia miaka 14, tena isiyomdhuru wala kumzuia shule. Binti wa miaka kumi anayepita nyumba hamsini kabla ya kengele ya shule hayumo katika ruhusa hiyo. Tunajua umaskini unaomtuma, wala hatumhukumu mama aliyebaki na chuma motoni na mtoto mchanga mgongoni. Lakini tunawauliza wanaume wa nyumba zetu: mtoto huyo akiambiwa "ingia ndani, fedha ziko chumbani", je, mlango wako ni wa kuaminiwa? Wapo mabinti walioingia katika nyumba za watu wanaoheshimiwa wakatoka wakilia, na beseni likarudi nyumbani na vitumbua vyote. Nunueni barazani. Fedha itoke nje, mtoto asiingie ndani. Na jirani akimwona ameitwa ndani, asione haya kusogea na kuuliza. Mwenye nia njema hatakasirika.

Sasa turudi kwa yule mama. Baada ya majuma matatu tulikwenda nyumbani kwake, jioni, tukapita njia ya nyuma ili tusionekane na watu wengi. Alitukaribisha vizuri, akatandika mkeka, akaleta maji. Tulimweleza habari za tangi na panya, tukamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Padre, yale maneno yenu mliyasema kwa kipaza sauti. Nami niliyasikia nikiwa hapa hapa, natwanga. Leo mmekuja kuniomba radhi kwa sauti ya chini."

Hatukuwa na la kujibu.

Halafu aliinuka, akaingia ndani, akarudi na daftari. Ukurasa wetu ulikuwa na mistari mitatu: vitumbua sitini, sitini, sitini, kwa shilingi mia moja kila kimoja. Shilingi 18,000. Katika ghasia za ugonjwa hatukulipa, na baadaye, tuseme kweli, tulidhani ya kuwa hatupaswi kulipa. Zile ndizo zilizokuwa fedha zake za mchele na mafuta. Hakuacha kukaanga kwa sababu ya hasira, kama tulivyofikiri. Aliacha kwa sababu mtaji ulikuwa kwetu.

Tulilipa jioni ile. Jumapili iliyofuata, baada ya Komunyo, tulikiwasha kipaza sauti kile kile, tukasema habari ya tangi, na habari ya panya, na habari ya deni, na safari hii tulimtaja mama kwa jina lake, kwa idhini yake. Kanisa lilinyamaza. Jumanne, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulisikia hodi. Alikuwa amesimama nje ya lango na beseni lake, hakuingia uani kama alivyozoea zamani. Tulichukua sahani, tukatoka.